Ukurasa wa Alhamisi

Kwenye kilio cha Esperansi walinipa kiti chenye mikono. Watu wengine wote mle uani, Kanyosha, walikuwa wamekalia mabenchi ya kuazima kanisani, wengine madumu yaliyopinduliwa, lakini mimi nilivutiwa kiti, nikapanguziwa vumbi kwa pindo la kitenge, nikaletewa Fanta. Mwanamke aliyekuwa akipokea wageni akawaambia wenzake kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Huyu ni Madamu Zena. Alitumika pamoja na marehemu kule biro ya bwawa, kisha akakuwa shefu wa ile biro yote." Wakanigeukia, wakaniinamishia vichwa. Jamani, kuna heshima inayouma kuliko matusi ya sokoni. Nilitaka kuinuka niwaambie, nipeni matusi, ndiyo niliyoyafuata hapa. Sikuinuka. Nikanywa Fanta. Waliokuwa wakimlilia walimjua kama mama wa kanisa, muuza vitenge wa Uvira aliyekuja kufia kwa bintiye. Hakuna aliyejua kwamba kuna mwaka mmoja mwanamke huyu alikuwa na mto mzima mikononi mwake, na kwamba alinyang'anywa kwa kosa ambalo hakulifanya. Kosa hilo mimi nalijua. Nililiandika mwenyewe kwa kalamu ya bluu, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri.

Mwaka mmoja kabla yake nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka shule, Kifaransa changu kimenyooka, na niliajiriwa kuwa mwandishi wa kaye, lile daftari kubwa la kumbukumbu, katika ofisi iliyosimamia bwawa. Ya nyumbani kwetu nayaacha. Bwawa lenyewe lilikuwa juu milimani. Ofisi ilikuwa chini Kinindo, kwenye vila ya kupanga ambayo mwenyewe alikuwa anaishi Ulaya. Tulifanya kazi sebuleni, juu ya vigae vyeupe, meza zetu zikiwa pale ambapo familia ya watu ingeweka makochi. Ramani ya mto ilibandikwa jikoni, kwa sababu ukuta wa jikoni ndio pekee uliokuwa hauna unyevu. Na bafuni, kwenye lile beseni refu la kulala ndani ukioga, mlikuwa na samaki. Wazima kabisa. Ukiingia kujisaidia unawakuta wanakutazama. Mpishi wetu, Mama Sikitu, alikuwa akisema hajawahi kuona ofisi ya watu wazima ambamo samaki anaoga na shefu haogi. Shefu alikuwa enjinia, mtu wa sauti ya chini na mashati yaliyopigwa pasi, mkaazi wa Kiriri, mtaa wa wakubwa kule mlimani, anashuka na gari lake asubuhi na kupanda nalo jioni. Leo nikimkumbuka naona kwamba kwake yeye mto ulikuwa bomba tu ambalo Mungu alisahau kulifunika. Wakati ule sikuona hivyo, wakati ule nilimpenda. Sisemi mapenzi ya mwanamume na mwanamke, astaghfirullah. Nilipenda alivyoniita "Madmwazeli Zena", na alivyowaonyesha wageni kaye yangu akisema mwandiko kama huu ungewekwa kwenye fremu.

Samaki wa bafuni walikuwa wa Esperansi. Alikuwa Mkongomani, amenizidi miaka saba au minane, amesomea mambo ya samaki, na kazi yake kwetu ilikuwa moja: kutuambia siku. Niieleze vizuri, maana bila hiyo hutanielewa. Ziwani kwetu kuna samaki wa magamba makubwa anayeitwa mbaraga. Anaishi ziwani lakini hatagi ziwani. Mvua za kwanza zikianza anajikusanya kwenye mdomo wa mto, kule chini ya Kanyosha, anangoja maji yajae, kisha anapanda nayo mpaka kwenye changarawe za juu, anataga, anarudi zake. Halafu watu wakajenga bwawa ili mji upate maji ya kunywa, na mto chini ya bwawa ukabaki kijito cha kuoshea miguu. Samaki akawa anangoja maji yaliyofungiwa. Ndipo yakafanywa mapatano: mara moja kwa mwaka, kwa siku tatu, vani, mlango wa maji wa bwawa, inafunguliwa na maji yanashuka mtoni bure, bila kupita kwenye bomba la mtu. Tuliyaita maji ya samaki. Siku hizo tatu watu wa Kiriri wanavumilia mabomba makavu, na wavuvi wa mdomo wa mto wanatoa nyavu zao. Kila upande unaumia kidogo. Siku ya kuanza aliitaja Esperansi. Alikuwa anamshika jike, anambonyeza tumbo kwa kidole gumba, taratibu. Mayai yakitoka yenyewe bila kulazimishwa, basi samaki yuko tayari, na akiwa tayari hangojei zaidi ya siku chache. Maji yasipokuja anamwaga mayai palepale matopeni, au wavu unamchukua, na mwaka umepotea.

Tulipanga chumba kimoja, mimi na yeye, hukuhuku Kanyosha, chumba cha mlango wa bati na dirisha moja lililoelekea shamba la mihogo la jirani. Yeye alilala kitandani kwa sababu ni mkubwa, mimi kwenye godoro chini. Kati yetu kulikuwa na resho ya mafuta, sufuria mbili, na sanduku lake la vitabu lililokuwa meza yetu. Tulikula bugali na sombe, siku nyingine ndagala za kukaanga, na Esperansi hakuacha kuongea akila. Aliongea juu ya mbaraga kama wanawake wengine wanavyoongea juu ya wakwe: wamefika, hawajafika, wamekonda, wana kiburi. Yeye mwenyewe hakumla. "Mi siwezi kula mutu niliyemushika tumbo," alisema, na mimi nilicheka hadi sombe ikanipalia. Siku nyingine alinichosha, nisidanganye. Ningekuwa nimechoka, nataka kulala, naye anahesabu kwa vidole siku tangu mvua ya kwanza. "Zena, mudogo yangu, weye unapenda makaratasi sana. Samaki haina sinyatire. Ikisema leo, ni leo." Nami kwa kuwa dada mkubwa tunamwita yaya, nikamwambia, "Yaya Espe, lala basi." Alinifundisha pia kusoma kipimo cha maji, ule ubao wenye namba uliosimikwa mtoni, na kunionyesha kwamba vani ikifunguliwa alfajiri, maji yanafika mdomoni mchana uleule. Mwaka wangu wa kwanza tulikaa kwenye mchanga tukiyangoja, na yalipofika aliyapigia makofi.

Sasa niseme habari ya kaye. Ukurasa wa kufungua vani ulihitaji sahihi tatu: ya shefu, ya bwana wa maji ya mji, na ya mtu wa komini, serikali ya mtaa. Watu watatu, mahali patatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anakaa ofisini kwake wakati unamtafuta. Ukingoja mpaka vani ifunguliwe ndipo uende kutafuta sahihi, utazipata baada ya wiki, na karatasi zitakuwa zinasema hakuna kilichofanyika. Kwa hiyo ofisi ile ilikuwa na desturi niliyoikuta: tuliandika kesho leo. Siku moja kabla, ninajaza ukurasa wote, tarehe, saa, vani wazi, kipimo kinasoma hivi. Dereva anauzungusha mjini. Jioni unarudi na sahihi zote na kashe, mihuri yao. Na kesho yake asubuhi jambo linatendeka kama lilivyoandikwa. Hata kipimo nilikikisia kwa kutazama mwaka uliopita. Hatukuona kuwa ni uongo. Tuliona ni adabu ya kazi, kama mtu anayepanga vikombe kabla mgeni hajabisha hodi. Barua yenye tarehe hizohizo ilipelekwa kwa wavuvi ili wajue lini watoe nyavu na lini warudishe. Esperansi peke yake ndiye alikuwa anaguna. Alisema mgeni akibadilisha safari vikombe havitajua, lakini naye alikuwa anatia sahihi yake ndogo pale chini, sahihi ya kutaja siku, halafu anatikisa kichwa.

Mwaka wangu wa pili kiangazi kiligoma kuondoka. Septemba ikaisha, vumbi tu. Bwawa lilishuka hadi ukaonekana mstari wa tope kuzunguka kingo zake, na Kiriri wakaanza kupata maji kwa zamu. Simu ya ofisi haikupumzika. Kati ya jikoni na sebule kulikuwa na tundu la kupitishia sahani, na mimi meza yangu ilikuwa chini ya tundu hilo, kwa hiyo shefu alipokwenda kuongea simu jikoni, akidhani amejificha, nilisikia yote. "Ndiyo mheshimiwa. Naelewa mheshimiwa. Hapana, si kwa ajili ya samaki tu, ni mapatano." Siku nyingine: "Hata mimi kwangu wanachota kwa ndoo, mheshimiwa." Mama Sikitu alikuwa anasonga bugali kwa makusudi kwa kelele ili ajifanye hasikilizi, kisha ananong'ona kupitia tundu: "Samaki wamepata adui, binti yangu." Tulicheka. Hatukujua kwamba adui ana mwandiko mzuri.

Mvua ya kwanza ilikuja, ikafuatwa na ya pili, na Jumatano moja Esperansi alirudi kutoka mtoni amebeba jike kwenye ndoo, macho yake mekundu kwa homa. Malaria ilikuwa imeshamshika tangu juzi yake, alikuwa anatetemeka huku jasho linamtoka. Alipiga magoti kwenye vigae vya sebuleni, akamlaza yule samaki kwenye beseni dogo la maji, akamgusa tumbo. Hakuhitaji hata kubonyeza. Mayai yalimtiririkia vidoleni. Akacheka, akalia, vyote pamoja, akamwita shefu kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake. "Kesho asubuhi, Bwana Shefu. Isipite kesho. Iko mingi sana kule chini, zinagongana." Shefu akatazama, akasema, "Sawa, kesho." Nikauandika ukurasa wa Alhamisi. Saa kumi na mbili asubuhi, vani wazi, siku tatu. Dereva akauzungusha, na kabla ya saa kumi jioni ulirudi umejaa sahihi. Barua ya wavuvi niliipeleka mwenyewe. Papa Lukas, msimamizi wao, akawasomea wenzake wakishona nyavu mapajani: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi hakuna wavu, Jumapili zinarudi. "Imekuwa muzuri," akasema. "Sisi wote tunaona samaki iko pale, mukono unatuwasha. Lakini karatasi imesema, tutafuata karatasi." Wakaanza kuzitoa nyavu jioni ileile, mbele ya macho yangu.

Alhamisi asubuhi Esperansi hakuweza kuinuka. Nilimwachia chai ya tangawizi na vidonge vya kinini, nikaenda kazini peke yangu. Saa mbili hivi shefu akaniita jikoni. Alikuwa amesimama karibu na ramani, anaikwangua kona moja kwa ukucha. "Madmwazeli Zena, vani haijafunguliwa." Nikadhani imeharibika. Akasema hapana, ni yeye ndiye amepiga simu alfajiri kumzuia mlinzi. Jumamosi kuna arusi Kiriri, mkubwa mmoja anaoza binti yake, wageni wanatoka ng'ambo, na matanki ya mlimani hayajafika hata nusu. "Tutafungua Jumapili asubuhi. Samaki wamengoja mwaka mzima, siku tatu ni nini?" Nikamwuliza, "Na ukurasa, shefu?" Naomba msomaji alitazame swali langu. Sikuuliza habari ya samaki. Niliuliza habari ya ukurasa wangu. Akasema, "Umeshasainiwa na watu watatu. Unataka nirudi kwa kila mmoja nimwambie, bwana, jana ulisaini uongo? Uache. Maji yatatoka au hayatatoka?" Nikasema yatatoka. "Basi." Nikauliza tena: "Na wavuvi? Wao wameambiwa Jumapili warudishe nyavu." Akafikiri kidogo, nilimwona akifikiri, kisha akasema wavuvi ni kazi ya Esperansi. Nikamkumbusha Esperansi anaumwa. "Akipona atawaambia. Mimi nakuamini wewe, Zena." Na hiyo ndiyo ilikuwa bei yangu. Hakuniahidi cheo, hakunitisha kunifukuza, hakunipa hata soda. Aliniambia "nakuamini", nikarudi mezani kwangu nikiwa nimefura kwa fahari, mjinga mimi.

Mchana nilikwenda chumbani kumtazama mgonjwa. Alikuwa amelala chini ya vitenge viwili, masikio yanamlia kwa kinini, midomo imepasuka. Kabla sijaweka hata mkoba akauliza, "Walifungua?" Nikasema, "Walifungua." Akauliza saa ngapi. Nikasema saa kumi na mbili, kama ulivyotaka. Akauliza kipimo kinasoma ngapi. Nikamtajia namba, nilikuwa naijua kwa moyo, si niliitunga mwenyewe jana yake. Akafumba macho, akatabasamu. "Mungu asifiwe. Basi sasa naweza kuumwa." Akalala palepale, usingizi wa mtoto. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilimhurumia, kwamba mgonjwa haambiwi habari mbaya. Si kweli hata chembe. Nilijua kwamba nikimwambia, atainuka na homa yake, atashika ukuta, atashika mti, atafika mdomoni kwa wavuvi na kuwaambia ukweli, na ukurasa wangu utakuwa aibu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nalala miguuni pake.

Ijumaa ikapita. Kutoka Kinindo hadi mdomo wa mto kwa miguu hakufiki saa moja, na kutoka chumbani kwetu ni karibu zaidi. Ningeweza kwenda nikamwambia Papa Lukas maneno manne: msirudishe nyavu Jumapili, ngojeni. Hakuna ambaye angekufa kwa maneno hayo. Ukurasa ungebaki mzuri vilevile, shefu asingejua, samaki wangepata siku zao tatu. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo, kwamba hata uongo wangu ningeweza kuutunza na bado nikauokoa mto. Lakini nilisema Esperansi atapona kesho, kana kwamba angewaambia asichokijua. Nikasema labda wavuvi wataona wenyewe kwamba maji hayajafika. Jumamosi tulifanya kazi nusu siku, na saa sita dereva akaleta sahani kutoka kwenye arusi, shefu ametukumbuka: pilau, nyama ya mbuzi, kachumbari. Mama Sikitu akapasha. Nilikula, nikaomba kuongezewa.

Jumapili asubuhi vani ikafunguliwa, na mchana maji yakafika mdomoni. Wavuvi walikuwa wamesharudisha nyavu tangu alfajiri, kama barua ilivyosema, watu wa kweli, watu waliokaa siku tatu juu ya mchanga wakitazama samaki bila kunyoosha mkono. Mbaraga wote waliokuwa wamekusanyika pale walipohisi maji wakainuka mara moja, wakaingia moja kwa moja nyavuni. Papa Lukas alisimulia baadaye kwamba nyavu zilikuwa nzito hadi wakaitana mtaa mzima kuvuta. Jumatatu soko la Kanyosha lilijaa samaki wenye matumbo yaliyopasuka. Kila jiko lilikuwa linakaanga mayai. Esperansi aliinuka siku hiyo kwa mara ya kwanza, akafungua ule mlango wa bati ili apate hewa, akasimama pale kizingitini na harufu ikamfikia. Akageuka akanitazama, naye hakuwa ananishuku, wallahi, alikuwa ananitazama kama mtu anayetafuta pa kushika. Mimi nikajikausha, nikachochea uji.

Mkutano ulifanyika sebuleni wiki ile. Viti vililetwa hata kutoka bafuni kwa samaki. Papa Lukas aliongea kwanza, kofia mkononi. "Sisi tulitoa nyavu siku tatu. Tulikaa tunaangalia mto. Maji haikukuya. Jumapili tukarudisha, kama barua ilisema. Kosa yetu iko wapi?" Shefu akafungua kaye, akasoma ukurasa wa Alhamisi kwa sauti yake ile ya chini, na sahihi zote tatu. Halafu akaeleza, kwa upole, kwamba kiangazi kilikuwa kirefu, mto umekauka, mchanga umeyanywa maji, ndiyo maana yalitumia siku tatu kufika. Mlinzi wa vani, ambaye angeweza kusema neno moja tu, hakuitwa. Asiyekuwepo na lake halipo. Esperansi alikuwa amekaa karibu na dirisha, kitenge kimemzidi kwa kukonda. Akanigeukia mbele ya watu wote. "Zena. Alhamisi ilifunguliwa?"

Nikasema, "Ndiyo, yaya."

Akashika kingo ya dirisha. Kisha akasimama. "Basi kosa ni yangu," akasema. "Mwaka ya jua kali kama hii, ningehesabu muchanga. Ningewaambia wavuvi watoe nyavu Jumapili, si Alhamisi. Nilikosea siku tatu. Papa Lukas na wenzake hawana kosa, muandike vile." Mimi ndiye nilikuwa mwandishi wa mkutano. Niliandika vile. Papa Lukas aliendelea kutikisa kichwa, akarudia kwamba mto ule anaujua tangu utotoni na mchanga wake haujawahi kunywa siku tatu, lakini nani angemsikiliza mvuvi mbele ya kashe tatu. Kabla mkutano haujafungwa ikaamuliwa kwamba maji ya samaki yasimame mpaka uchunguzi ufanyike, kwa kuwa inaonekana yanapotea mchangani bila faida. Na mtaalamu aliyekosea, wakamshukuru kwa kazi yake.

Alikuwa mgeni nchini, na kazi ile ndiyo ilikuwa karatasi yake ya kuishi hapa. Siku ya kuondoka tulibeba samaki wa bafuni kwa ndoo mpaka ziwani, yeye mbili, mimi mbili, na aliwamwaga mmoja mmoja akiwaomba radhi. Nilimsindikiza hadi kwenye gari la kwenda Uvira, kwao, ng'ambo ya mpaka. Akanishika mabega. "Watu wote walinisema, weye peke yako hukunisema. Mungu akubariki, mudogo yangu." Nikamwambia amina. Nilisema amina! Halafu nikarudi Kinindo, na baada ya mwaka meza yake ikawa yangu, na baada ya miaka mingi ya shefu nayo ikawa yangu, na uchunguzi ule haukufanyika kamwe. Miaka yote niliyokuwa mkubwa wa ofisi ningeweza kuyarudisha maji ya samaki kwa barua moja. Lakini ili uyarudishe ilibidi ueleze kwa nini yalishindwa, na kila nilipofika hapo kalamu ilikataa. Leo mbaraga hapandi tena mto ule. Watoto wa Kanyosha ukiwatajia jina wanadhani ni mtu.

Esperansi na mimi hatukuonana tena. Aliniandikia mara mbili, sikujibu. Juzi simu ikalia, sauti ya mwanamke ikaniambia ni Furaha, binti yake, kwamba mama amefia kwake, na kwamba namba yangu aliipata kwa kuuliza ofisini, maana jina langu lilikuwa halimtoki mama mdomoni. Njiani kuja nilifanya mazoezi ya maneno. Nitamwambia binti, nikasema, mbele ya watu au pembeni, potelea mbali, mficha uchi hazai. Watu walipoanza kupungua Furaha akaja akachuchumaa karibu nami, mwanamke mtu mzima, mwalimu, ana paji la uso la mama yake. Akanishika goti. "Mama mudogo, naweza kukuuliza kitu?" Nikasema uliza, mwanangu, na roho ikanidunda kwa aina ya furaha, maana nilidhani mlango umefunguliwa kutoka nje.

"Ile mwaka ya samaki. Ni kweli mama alikosea? Sababu alikuwa anajilaumu mpaka ku kitanda ya lupitalo, siku ya mwisho. Mi nilikuwa namwambia, apana mama, haiwezekani, weye hukosei mambo ya samaki, lazima kuko mutu alifanya kitu. Anakataa. Anakasirika hata. Anasema, Zena alikuwa pale, Zena angeniambia."

Wale wanawake kwenye mabenchi walikuwa wanatusikiliza. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno yote, yamepangwa, yamefanyiwa mazoezi kutoka mjini.

"Alikosea kidogo tu, mwanangu," nikasema. "Siku tatu tu."

Furaha akashusha pumzi, akajifuta macho kwa kiganja. "Aksanti, mama mudogo," akasema. "Basi nitaacha kubishana naye."